Tujitaje, lakini tuhesabu wenye wako ndani ya habari yetu

Maneno tuliyosema Kiringye, mbele ya vijana na wazazi. Tumeyaandika kama vile yalisemwa. Tumeondoa tu majina ya watu wenye waliuliza maswali, na mtaelewa juu ya nini.



Asante kwa viti, na asante kwa mama wenye walituletea maji kabla hata hatujasema sisi ni nani. Tulitoka Uvira alfajiri kwa barabara ya taifa nambari 5, tukapita Kiliba, tukapita Sange, tukapita Luberizi. Wenye wanaijua hiyo barabara wanajua hatukuja kupiga stori.

Mlituita juu ya swali moja. Vijana wa hapa wanataka kuanza kuandika wenyewe: vile mpunga unauzwa, vile maji yanakosekana, vile usiku unapita. Mkatuuliza: tunapoandika, tuseme nini juu yetu? Tuweke jina? Tuweke picha? Tuseme tunakaa wapi, baba ni nani, nini ilitupata? Tulidhani tutawajibu kwa dakika kumi. Tulipokaa pamoja kule Uvira kutayarisha jibu tuligombana mpaka saa tano ya usiku. Kumbe hata sisi wenyewe hatukuwa na jibu moja.

Tuanze na upande wenye sisi wote tulikubaliana. Mtu mwenye anasema jambo kubwa juu ya nchi yake, aseme na jina lake. Mnajua vile watu wanatuuliza kila mara: ninyi ni nani? Nani anawalipa? Nani yuko nyuma yenu? Ukijibu kwa kuficha uso, umewapa jibu baya. Vijana wa LUCHA walipoanza kule Goma mwaka 2012 walitoka barabarani na nyuso zao. Rebecca Kabugho alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu alipokamatwa pamoja na wenzake watano, tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 2016, siku ya mji kufa. Walihukumiwa, wakafungwa. Lakini jina lake lilikuwa linajulikana, na ndiyo maana watu wa mbali sana waliweza kulitaja wakidai atoke. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya wanawake mashujaa kule Marekani. Sasa mtu mwenye hajulikani, akifungwa usiku, nani atamtafuta asubuhi?

Ila kuna kitu kingine ndani ya habari hiyo hiyo. Wale sita walikamatwa alfajiri, ndani ya nyumba, wakiwa wanaandaa banderole. Majina yao yalikuwa ya watu wote, na walitaka hivyo. Nyumba ni kitu kingine. Nyumba haikukata shauri la kuingia katika siasa. Ndani ya nyumba kuna mama mwenye amelala, kuna mutoto wa jirani mwenye alikuja kulala juu kwao kunavuja, kuna mwenye nyumba anayengoja pesa yake ya mwezi. Tangu siku ile tuliposoma vile walikamatwa, sisi tunatenganisha hivi vitu viwili: jina letu, na mahali petu.

Tukubaliane pia kwamba kuficha jina kuna ubaya wake, na huo ubaya tunaujua hapa bondeni kuliko watu wa mji. Mumesikia zile audio za WhatsApp zisizo na mwenyewe. Sauti ya mtu, hasemi jina, anasema tu "sisi watoto wa hapa", kisha anaanza kutaja kabila fulani, ng'ombe fulani, mlima fulani. Dakika mbili, na inazunguka Luvungi mpaka Uvira kabla ya chakula cha mchana. Katika bonde lenye lilizika watu zaidi ya 30 wa Mutarule, waliouawa usiku mmoja wa mwezi wa 6 mwaka 2014, audio kama hiyo inaweza kuchoma nyumba. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: audio isiyo na mwenyewe, usiipeleke mbele. Na wewe ukitaka kutukana kundi la watu, kwanza useme jina lako, na la baba yako. Utaona vile hamu inakwisha haraka.

Lakini kuna wenye wanaficha jina kwa haki kabisa. Tazama ng'ambo ya Ruzizi, ile milima ya Cibitoke mnayoiona kila siku. Mwezi wa 5 mwaka 2015, redio za watu binafsi za Bujumbura zilivunjwa, zingine zilichomwa. Waandishi wengi walikimbia. Ninyi wenyewe mliona wakimbizi wanavuka mto, wakipelekwa Kavimvira, na kisha Lusenda kule Fizi. Kuna waandishi wenye walibaki, wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakitoa habari kwenye simu bila kuweka majina yao. Na watu waliwaamini! Juu ya nini? Juu waliandika siku, mahali, vile mambo yalipita, na walipokosea walirekebisha. Yule wa audio hana siku, hana mahali, hana kitu. Ana hasira peke yake. Basi kuaminiwa hakutoki kwenye jina pekee. Mwenye maisha yake yako hatarini ana haki ya kuficha jina, ila ajue atalazimika kuwa mkweli mara mbili.

Sasa tunafika kwenye jambo lenye lilituleta hasa. Si jambo zuri kwetu, na tuliamua kulisema hapa kabla hamjalisikia kwa wengine.

Miaka michache iliyopita tulikusanya ushuhuda wa mama mmoja wa kijiji fulani cha bonde hili. Hatutasema kijiji. Watu wenye silaha walimfanyia ubaya akitoka shambani. Alitueleza yote, alilia, tukalia naye, akasema tunaweza kuandika. Tuliandika vizuri sana. Tulijisifu hata. Jina hatukuweka, picha hatukuweka, tukajiona tumefanya kazi ya watu wenye akili. Lakini tulitaka wasomaji wa Uvira na Bukavu wamuone kama mtu, si kama hesabu. Kwa hiyo tuliandika kwamba ana watoto sita, kwamba anashona nguo, kwamba mashine yake iko kwenye baraza karibu na kituo cha afya, kwamba mume wake anafanya kazi ya kuchimba kule Mwenga na anarudi mara moja kwa miezi mitatu.

Kamarade, katika kijiji cha nyumba mia mbili, kuna mama wangapi wenye watoto sita na mashine ya kushona karibu na kituo cha afya?

Mutu wa Bukavu alisoma akaona "mama mmoja". Mutu wa kijijini alisoma akaona jirani yake. Kisha mmoja akapeleka kwa shemeji, shemeji akapeleka Mwenga. Mume alijua kwenye simu kitu chenye mke wake alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia. Ile mashine haiko tena kwenye ile baraza. Mama alihama na watoto wanne. Wawili walibaki kwa upande wa baba.

Tulimtafuta. Ilichukua muda. Tulienda watu wawili, bila simu mkononi, tukaomba msamaha. Hakutufukuza. Alituwekea viti. Alisema: "Jina langu mulificha, lakini mulinionyesha kidole." Hatukuwa na la kujibu. Kisha akasema jambo lingine, na ndilo tunalifuata mpaka leo: "Mbele ya kuandika ya mwingine, mumusomee kwanza. Hata kama hajui kusoma, mumusomee, na mumuulize nani pale kijijini atamujua."

Ule ushuhuda tuliutoa siku hiyo hiyo. Kutoa ni neno tu, maana tayari ulikuwa ndani ya simu za watu.

Mtauliza: habari ya huyo mama inahusu nini na sisi wenye tunataka kujieleza wenyewe? Inahusu sana. Sababu hakuna habari yangu yenye ni yangu peke yangu. Nikiandika vile nililelewa bila baba, nimemuandika mama yangu. Nikiandika vile nilitoroka kundi la silaha nikiwa na miaka 14, nimeandika wale wenye tulikuwa nao na bado wako porini, na ile familia yenye ilinificha. Nikiandika kwamba niko na ugonjwa fulani, bibi yangu anaanza kuulizwa maswali kwenye kisima. Mimi nilichagua kusema. Wao hawakuulizwa.

Tuna mfano mzuri wa karibu. Daktari Mukwege alikuwa anafanya kazi kule juu Lemera, si mbali na hapa. Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 1996 hospitali ile ilivamiwa, wagonjwa waliuawa vitandani. Wazazi hapa wanaikumbuka. Mwaka 1999 akaanza Panzi. Amesema duniani kote juu ya wanawake wenye aliwatibu, hadi mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Alipewa pamoja na Nadia Murad, binti Myazidi wa Iraki, mwenye alitekwa na wale wa Dola la Kiislamu mwaka 2014, akatoroka, na mwaka 2015 akasimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akasema yaliyompata kwa jina lake na uso wake. Angalieni hawa wawili. Mmoja anasimulia ya wengine, na kazi yake ni kulinda majina yao. Mwingine anasimulia ya kwake, na jina alilitoa mwenyewe. Kosa letu lilikuwa kuchukua habari ya mtu wa kulindwa na kuiandika kama habari ya mtu mwenye amesimama mwenyewe kwenye meza.

Sasa tuje kwa vitu vidogo, maana hatari ya kila siku inapita humo.

Karte ya uchaguzi. Sisi Wakongomani karte hii ndiyo kitambulisho chetu, na tunaipiga picha kama vile ni picha ya harusi. Mtu anaokota karte ya mwenzake sokoni, kwa moyo mzuri anaipiga picha na kuituma katika grupu saba: "Mwenyewe aje aichukue." Hebu tusome kuna nini juu yake: jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, makao, na asili yako, ni kusema jimbo, teritware na sheferi. Kabila haliandikwi. Lakini hapa kwetu nani hajui kusoma kabila katika jina la sheferi? Majirani wetu wa Rwanda walikuwa na vitambulisho vyenye kabila limeandikwa tangu wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1994 kwenye mabaryeri kile kipande cha karatasi kilitosha kukata maisha. Wewe unaona umesaidia mtu apate karte yake. Umewapa wageni mia nane wazazi wake na asili yake. Ukiokota karte, andika tu jina moja na useme iko kwa nani. Au ipeleke kwa nyumbakumi. Kazi imekwisha.

Namba ya simu. Katika grupu za WhatsApp unazoingia, watu wa humo wanaweza kuona namba yako. Watu wengi hawalifikirii hilo. Kama unaandika juu ya mambo magumu, tafuta laini nyingine ya kazi hiyo, na ile ya familia ibaki ya familia.

Picha. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipigwa, hata kama wewe huoni. WhatsApp inapunguza picha na kuondoa hayo, lakini ukiituma kama dokima, yote yanabaki ndani. Nenda kwenye kamera ya simu yako, zima ile sehemu ya mahali. Na kabla ya kuweka picha yoyote, angalia nyuma yako: mlango, bango la shule, sare ya mtoto, namba ya moto.

Na safari! Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, juu barabara hii mnaijua. Watu wanatekwa bondeni, familia zinapigiwa simu zilete pesa. Mmoja wetu aliandika siku moja, kwa furaha: "Kesho asubuhi narudi nyumbani na mbegu za chama chetu." Mbegu zinanunuliwa na pesa, kila mtu anaelewa hivyo. Motari wake alisimamishwa mahali penye hakuna nyumba. Tunamshukuru Mungu walichukua pesa na simu peke yake. Tangu hapo tuna desturi: safari tunaisimulia tukishafika. Picha za jana zinapendeza sawa na za leo. Hata hapa Kiringye, hamkuona tangazo letu la kuja, na kama kuna mwenye alikasirika hatukutangaza, atusamehe.

Baba mmoja alinyosha mkono hapa, akasema: "Kwa hiyo munataka vijana wanyamaze? Serikali nayo itafurahi." Baba, asante kwa swali. Hapana. Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inatupa haki ya kusema. Kifungu cha 31 kinatupa haki ya maisha yetu ya siri kuheshimiwa, pamoja na barua na simu zetu. Ziko katika katiba moja na hazigombani. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali, yenye sehemu nzima juu ya habari za watu binafsi: mwenye anazikusanya lazima apate ruhusa ya mwenyewe. Tunajua vile mtasema, sheria Kongo ni ya karatasi. Tena sheria hiyo hiyo ina upande mwingine mkali. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023, simu zake zikachukuliwa, na kati ya mashtaka kulikuwa na yale ya sheria hiyo. Alitoka mwezi wa 3 mwaka 2024. Basi tuijue yote, ile inatulinda na ile inatutisha. Kijana mwenye anaandika bila kuijua ni kama mtu anaogelea Ruzizi bila kuuliza mahali mamba wanalala.

Dada mmoja naye hakuuliza mbele ya watu. Alitungoja pembeni tulipokuwa tunakunywa maji. Swali lake tunalijibu hapa bila kumtaja: kama picha yako ya siri inazunguka, kosa si lako. Ni la mwenye aliitoa, na la kila mwenye aliipeleka mbele. Wakaka, hapo tunasema nanyi. "Nilitumiwa tu" haikuoshi. Ikifika kwako, ife kwako, na umwambie mwenye alikutumia kwamba umeona aibu yake, si ya yule dada. Wenye wanataka kusaidiwa kimya kimya, wadada wawili wa timu yetu watabaki hapa mpaka saa tisa.

Sasa mtusaidie kumaliza ule ugomvi wetu wa usiku. Nusu yetu walisema kila mwandishi wa Kiringye aweke jina na uso. Nusu wakasema hapana, hapa si Goma, hapa watu wanajuana mno, jina moja linabeba ukoo mzima. Tulikubaliana hivi, na ninyi mtabadilisha mkiona inafaa: maoni juu ya barabara, maji, kodi, uongozi, yawe na jina la mwenyewe. Habari ya kilichompata mtu, mwenyewe aamue, na watu wa nyumba yake waulizwe. Habari ya mtu mwingine, asomewe yote kwa lugha yake, Kifuliiru au Kirundi au Kiswahili, aseme ndiyo baada ya kulala nayo usiku mmoja. Akisema hapana asubuhi, tunafuta, hata kama ni habari nzuri namna gani. Hii ya kulala nayo ilitoka kwa mama mmoja wa hapa, aliyesema kwamba ndiyo ya jioni na ndiyo ya asubuhi si ndugu. Tumeipokea.

Basi toeni simu. Mwenye hana, akae karibu na mwenye iko nayo. Tunaanza na picha za karte: kila mtu atafute katika grupu zake kama aliwahi kutuma yake au ya mwingine, na kama bado inafutika, aifute sasa. Kisha tutaenda kwenye kamera, mahali pa kuzima. Taratibu. Tuna muda mpaka jua lishuke, na leo hatusemi tunarudi saa ngapi.